WATABIRI WA BEI ZA HISA: JE, TUWASADIKI?

Msomaji mpenzi, huenda nawe umekwisha kusikia maneno haya. Mtu amerudi kutoka mjini, au ujumbe umefika katika simu ya kijana wako: nunueni hisa za kampuni fulani upesi, kabla ya mwezi kwisha bei itakuwa mara mbili. Nawe unazo fedha za kahawa ndani, na ada ya watoto bado haijalipwa. Basi kabla hujazitoa, keti kidogo usome.

Hisa si kitu cha kuogopwa. Ni fungu la mali: mwenye hisa za benki ni mmoja wa wenye benki ile, na faida ikipatikana aweza kupewa gawio lake. Mkristo anunuaye hisa hatendi dhambi yo yote. Twazungumza habari za mtu mwingine, yule asemaye kwamba aijua bei ya kesho.

Tutazame kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2008 Serikali yao iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Mjini na shamba watu walinong'onezana kwamba bei itaruka mara moja. Walioomba walipita 800,000, na wengine walikopa benki. Kwa kuwa maombi yalizidi mno, mwananchi wa kawaida alipata kama sehemu moja katika tano ya hisa alizotaka. Fedha zilizobaki alirudishiwa baadaye, lakini aliyekopa alidaiwa riba ya mkopo wote.

Tarehe 9 Juni, siku ya kwanza sokoni, bei ilipita shilingi 7, na watabiri wakavimba kichwa. Mwaka haujaisha, bei ikawa chini ya 5. Mwanzoni mwa 2009 ilishuka hata chini ya 3. Aliyelazimika kuuza wakati ule ili alipe deni alipata hasara tupu. Aliyenunua kwa fedha zake asizozihitaji upesi, akatulia, alipokea gawio, na mwaka 2021 aliona bei imepita 40. Mwaka 2023 ilikuwa imerudi chini ya 20. Ni kampuni ile ile, baba. Nani aliyeitabiri njia hiyo yote?

Wala usidhani wenye elimu wanaona mbali zaidi. Irving Fisher alikuwa profesa mashuhuri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Oktoba 1929 alisema bei za hisa zimefika juu na zitadumu huko. Siku chache baadaye soko la New York likaanguka, na yeye mwenyewe akapoteza mali yake. Hakuwa mwongo, alisadiki aliyoyasema, na jambo hilo latutisha kuliko uwongo.

Mmarekani mwingine, Alfred Cowles, akaamua kuwapima watabiri. Alikusanya mashauri ya mashirika 16 yaliyolipwa kwa kazi hiyo, akayahesabu. Mwaka 1933 alitangaza matokeo: aliyefuata mashauri yao, kwa wastani, alipata pungufu kuliko aliyenunua hisa za kila namna bila kuuliza mtu. Alipima pia magazeti ya fedha, akachanganya karata na kuziokota bila kuchagua ili zitoe utabiri wao. Hata mtabiri bora hakuzishinda karata zilizobahatika. Wengine kwetu huita kazi ya namna hii kupiga ramli, na hatuoni walivyokosea sana.

Lakini utasema: huyu wangu amepatia mara tano mfululizo! Sikiliza hila moja ya zamani. Mjanja awaandikia watu 3,200. Nusu awaambia bei itapanda, nusu awaambia itashuka. Juma lijalo awaacha walioambiwa kosa, awaandikia 1,600 waliobaki vile vile, nusu kwa nusu. Halafu 800, halafu 400, halafu 200. Baada ya majuma matano wapo watu 100 walioona amepatia mara tano bila kukosa. Hao watamletea fedha zao kwa magoti, nao hawajui habari za wale 3,100.

Tena waama mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Mwingine hununua kwanza hisa za kampuni ndogo kwa bei duni, kisha huzisifu kila mahali. Ninyi mkikimbilia kununua, bei hupanda, naye huziuza zake kwenu kimya kimya. Sifa zikikoma bei huanguka, na ninyi ndio mnaozishika.

Basi mtu wa namna hiyo akibisha hodi, mkaribishe chai, kisha mwulize: wewe mwenyewe unazo hisa hizi, na ulizinunua lini? Mwaka jana ulitabiri nini, na imeandikwa wapi? Mama naye awepo, maana akina mama huuliza vizuri zaidi. Na kama mmekata shauri kununua, nunueni kwa dalali mwenye leseni. Hapa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Leseni hiyo haimfanyi dalali kuwa nabii, lakini akila fedha zenu mtajua mahali pa kupeleka mashtaka.