Nani atanunua leza ndogo kuliko kirusi cha mafua?

Fundi wa faiba anayepanda nguzo Levolosi, Arusha, anauza mwanga ambao mteja hatauona kamwe. Kile kifaa anachokiacha sebuleni hutuma data kwa leza ya nanomita 1310. Mtambo wa kampuni hujibu kwa nanomita 1490. Kwa kuwa mawimbi hayo hayagongani, uzi mmoja hupitisha ya kwenda na ya kurudi, tena hugawiwa nyumba 32 au zaidi. Faida ya biashara imejificha hapo. Leza isiyoshika wimbi lake haiuziki, hata iwe rahisi namna gani.

Kipimo hichohicho kinazingoja leza za plazmoni. Mwaka 2009, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, kundi la Mikhail Noginov nchini Marekani lilitangaza leza ya chembe zenye upana wa nanomita 44: kiini cha dhahabu ndani ya ganda la silika lililotiwa rangi. Kazi ya vioo vya leza ya kawaida ilifanywa na mawimbi ya elektroni juu ya dhahabu, ndiyo plazmoni zenyewe.

Ila dhahabu ni mlafi: humeza mwanga na kuugeuza joto. Tena chembe iliyo peke yake humwaga mwanga ovyo, kila upande. Timu ya Teri Odom, Chuo Kikuu cha Northwestern, ilizipanga chembe za dhahabu safu kwa safu, kwa nafasi zilizopimwa. Mwanga ukatoka wima, umekusanyika. Walipobadilisha kimiminika kilichozizunguka, wimbi nalo likasogea. Mbunifu sasa ana usukani.

Mnunuzi wa kwanza hatakuwa mwenye nyumba wa Arusha. Labda ni vituo vya data, ambako nyaya za shaba kati ya chipu hula umeme, au watengenezaji wa vipimo vya maabara. Nao wana sababu ya kusita, maana nyingi kati ya leza hizi bado huwashwa na leza nyingine, kubwa kuliko zenyewe! Kusubiri soko si jambo geni kwa leza: Kenichi Iga wa Japani alibuni leza inayotoa mwanga kwa juu mwaka 1977. Ikaingia sokoni miaka ya 1990.

Kwa sasa fedha ya Arusha iko kwenye maungio. Kiini cha uzi ni mikroni 9, na vumbi kidogo tu kwenye kichwa cha waya hupunguza mwanga. Fundi anayejua kusafisha, kukata wima na kuchomelea kwa cheche ya umeme ataitwa tena, leza iwe ya ukubwa wowote.