Je, Wajua? Moyo wa Mwanaanga Ulipimwa Kutoka Unguja

Je, wajua kwamba mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka Dunia tarehe 20 Februari 1962, mmoja wa madaktari waliofuatilia mapigo ya moyo wake alikuwa Unguja? Marekani ilikuwa na kituo cha mawasiliano Tunguu, kimojawapo cha vituo vilivyopokezana sauti yake. Alipotoka masikioni mwa Kano, Nigeria, akaingia masikioni mwa Zanzibar, na Zanzibar ikamkabidhi kwa meli iliyokuwa ikisubiri Bahari ya Hindi.

Alipokuwa juu ya pwani yetu, Glenn alivuta kamba ya mpira kwa nusu dakika. Mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakatulia. Leo tunaweza kulipuuza zoezi hilo, lakini wapo wataalamu waliohofia kwamba mtu asiye na uzito angeshindwa kumeza chakula, au macho yake yangebadilika umbo asione sawasawa. Kwa hiyo alibandikiwa chati ya herufi mbele yake, akaisoma. Akapewa tufaha lililopondwa kwenye tyubu, akalila. Majibu ambayo hakuna maabara ingeweza kuyatoa, aliyatoa kwa mwili wake mwenyewe. Mimi hapo ndipo ninapouona ushujaa wa wanaanga.

Jua lilipochomoza aliona chembe nyingi zinazong'aa zikielea nje ya dirisha, mfano wa vimulimuli. Miezi mitatu baadaye mwenzake Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kwa ndani, vimulimuli vikaruka: kumbe ni barafu iliyoganda kwenye chuma. Ama kile kituo cha Tunguu, hakikudumu. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Je, wajua kwamba Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alipitia hatari yake kubwa akiwa juu ya Afrika? Safari yake ya tarehe 12 Aprili 1961 ilichukua dakika 108, karibu sawa na mechi ya soka pamoja na mapumziko. Alipokaribia pwani ya Angola, injini ya kupunguza kasi iliwaka ili ashuke. Chumba alichokalia kilipaswa kuachana na sehemu ya mitambo mara moja, ila nyaya zilikataa kukatika. Vipande viwili vikabaki vimefungamana, vikazunguka kama pia kwa takriban dakika 10, bara letu likipita chini yake, mpaka nyaya zikaungua kwa joto. Katika mzunguko ule Gagarin alituma taarifa kwamba kila kitu ni shwari. Alikuwa na miaka 27, baba yake seremala, na mwenyewe aliwahi kuwa fundi wa kusubu chuma.

Hakutua ndani ya chombo. Kwenye kimo cha kilomita 7 alirushwa nje na kiti chake, akashuka kwa parachuti hadi shambani karibu na mto Volga. Wa kwanza kumwona walikuwa bibi mmoja na mjukuu wake waliokuwa wakipanda viazi. Walimwona mtu wa nguo za rangi ya machungwa na kofia nyeupe akiwajia, wakaogopa. Akawapigia kelele kwamba yeye ni mwenzao.

Aleksei Leonov naye, Machi 1965, alikuwa binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, akiwa amefungwa kamba ya mita 5 hivi. Baada ya dakika 12 suti yake ilikuwa imevimba hata mikono haifiki kwenye glavu, na mlango haumtoshi. Alifungua vali akaipunguza hewa aliyokuwa akiitegemea kuishi, kidogo kidogo, akaingia kwa kichwa. Leonov alikuwa pia mchoraji: alibeba penseli za rangi zilizofungwa nyuzi zisielee, akachora macheo aliyoyaona.

Wengine hawakurudi. Mwaka 1967 peke yake, wanaanga Wamarekani Grissom, White na Chaffee walifia motoni kwenye jaribio lililofanywa ardhini, na Msovieti Vladimir Komarov akafa parachuti yake iliposhindwa kufunguka. Waliowafuata waliyajua hayo yote, na bado walipanda.

Je, wajua kwamba kuna setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili? Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ilipaa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na orodha yake ilifikisha vyanzo 339. Malindi ilichaguliwa kwa sababu ipo karibu na ikweta, ambapo Dunia inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoondokea hapo inaanza safari tayari imesukumwa. Mara ya mwisho roketi kupaa kutoka jukwaa lile ilikuwa 1988.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 2 Novemba 2000, haijapita siku bila watu kuishi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga? Jioni nyingine, kukiwa hakuna mawingu, utakiona kwa macho: nukta angavu isiyopepesa, inayokwenda bila kelele. Umbali wa Dar es Salaam hadi Mombasa inaumaliza kwa sekunde 40 hivi. Kila ninapoiona ninasimama mpaka ipotee, na ninatamani nifike siku ambayo mmoja wa waliomo ndani, akipita juu ya Unguja, atatazama chini na kutusalimu kwa Kiswahili.