Kwa nini staa anayetakwa na mashabiki wa gemu hupigwa chini?

Kaa kwenye kijiwe cha PS pale Moro, Mji Kasoro Bahari, hutakosa ubishi huu: gemu ikigeuzwa tamthilia, nani acheze nani?

Chukua The Last of Us, gemu iliyotoka 2013. Kwa miaka mashabiki walimtaka Kaitlyn Dever awe Ellie, maana sura zinaendana. Februari 2021 HBO ikampa nafasi Bella Ramsey. Mitandao ikawaka: hafanani!

Tatizo ni umri. Ellie ana miaka 14. Wakati huo Dever alikuwa na 24, Ramsey 17. Mhusika wa gemu hazeeki, muigizaji anazeeka, na tamthilia yenyewe ilianza kuonyeshwa 2023.

Dever aliingia msimu wa pili, 2025, kama Abby, mhusika ambaye mashabiki wengi wanamchukia. Ikabidi awekewe walinzi wakati wa kurekodi. Yaani walinzi, kisa mtu wa kwenye gemu!

Mimi ningewashauri eneo tu. Msimu wa kwanza walirekodi Alberta, Canada, wakati misitu ya Uluguru na ukungu wake ipo hapa.