Kichwa cha mtu hakifungwi kwa kufuli

Njaa ikibisha hodi nyumbani, mwenye ujuzi huuza alichonacho. Sisi wazazi twalijua hilo. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba jambo hilo liliwahi kuitia dunia nzima hofu.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, maelfu ya wanasayansi waliounda silaha za nyuklia, za kemikali na za vijidudu walipoteza uhakika wa mishahara yao. Wengi waliishi katika miji iliyozungushiwa uzio, isiyoonyeshwa hata kwenye ramani. Mmojawapo ni Snezhinsk, karibu na milima ya Ural. Oktoba 1996, mkurugenzi wa kituo cha nyuklia cha mji huo, Vladimir Nechai, alijiua. Wafanyakazi wake walikuwa hawajalipwa kwa miezi kadhaa.

Madini ya urani yaweza kufungiwa ghalani na kulindwa na askari. Ujuzi wa kuyageuza kuwa bomu umo kichwani mwa mtu, naye akisafiri, husafiri nao. Nani angemzuia baba mwenye watoto wenye njaa asipokee fedha za mnunuzi?

Jibu lilitafutwa. Mwaka 1992 Marekani, Urusi, Japani na nchi za Ulaya zilitia saini mkataba wa kuunda Kituo cha Kimataifa cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kazi Moscow mwaka 1994. Wataalamu hao hawakuambiwa waache sayansi. Walilipwa waielekeze kwenye amani: chanjo, nishati na usafishaji wa mazingira. Malipo yalimfikia mtafiti mwenyewe. Makumi ya maelfu walinufaika. Urusi ilipojitoa, makao ya kituo yalihamia Kazakhstan, nchi ambayo ardhi yake ilifanyiwa mamia ya majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Hata hivyo, mshahara pekee hautoshi. Abdul Qadeer Khan wa Pakistani hakuwa na njaa. Lakini mwaka 2004 alikiri katika televisheni kwamba alihusika kuupeleka ujuzi wa nyuklia nchi nyingine, ingawa baadaye aliikana kauli hiyo. Nayo mataifa makubwa yanayohofia kuenea kwa ujuzi huo bado yanazo silaha zenyewe.

Elimu ni amana. Tunapowahimiza watoto wetu wasome sayansi, na tuwazoeshe tangu wadogo kujiuliza: ninachokijua kitamfikia nani, naye atakifanyia nini? Swali hilo halina mlinzi mwingine ila mwenye elimu mwenyewe.