Unakwea pipa kwenda Muscat? Hebu fungua hilo sanduku!

Haya, viza imetoka, na mtaa mzima unajua dada anakwenda kupiga kazi Omani miaka miwili. Sasa chungulia sanduku lake: mchele kilo nne! Jamani, Muscat nao ni walaji wali, mchele umejaa madukani. Na koti hilo zito la nini? Juni joto la kule hugusa nyuzi 40. Beba sweta moja tu, ya kujikinga na kiyoyozi, maana ndani wanakipuliza mpaka meno yanagongana.

Kilo ulizookoa usimpe mtu. Hapo ndipo penye kasheshe. Usiku wa kuamkia safari atazuka jirani na kifurushi, "kidogo tu shoga, kuna mtu atakipokea." Kataa. Akinuna, anune. Ikikutwa mirungi humo, ambayo kule ni marufuku, anayeulizwa ni mwenye sanduku, na "nilipewa tu" haimtoi mtu rumande. Hata dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli usibebe kiholela. Kaulize kwanza ubalozi wa Omani.

Halafu makaratasi. Bosi mwingine huichukua pasi siku ya kwanza tu! Toa kopi za pasi, viza na mkataba: seti moja kaa nayo, nyingine muachie mama. Namba ya ubalozi wetu Muscat na ya nyumbani ziandike kwenye karatasi, uishonee ndani ya pindo la gauni. Simu nayo hunyang'anywa.