Kidole Kimoja cha James Jamerson

Hapo kale, ingawa si kale sana, maana babu zenu walikuwa vijana wa kuchana nywele na kwenda dansini, palikuwa na nyumba ya kawaida tu katika jiji la Detroit, Marekani. Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, alikopa dola 800 kwa familia yake akaanzisha kampuni ya kurekodi muziki, ile iliyokuja kujulikana kama Motown. Studio ilikuwa chumba kidogo, nyaya zimening'inia kutoka darini, hata wanamuziki wakakiita Shimo la Nyoka.

Humo ndimo alimokaa mpiga besi James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 huko South Carolina, akahamia Detroit akiwa kijana, na shuleni akajifunza besi ile kubwa inayopigwa kwa kusimama. Usiku alipiga jazi vilabuni, muziki unaotaka vidole vyepesi na akili nyepesi zaidi. Kisha akaingia Shimoni kupiga nyimbo fupi za mapenzi za soul, ambazo vijana wangezicheza zikipigwa redioni.

Sasa kuna ubishi. Wapo wasemao soul haitaki fundi. Ukijua sana, moyo unakimbia, vinabaki vidole. Watawaonyesha video ya kijana anayekimbiza nota kwenye gitaa mpaka macho yanauma, halafu akijaribu soul hakuna hata mguu mmoja unaotikisika. Video hizo zipo, nami nimeziona. Ila nadhani wamemkamata asiye mwizi.

Jamerson alikuwa fundi kupindukia. Hata hivyo, mkono wake wa kulia ulipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho kilipewa jina la Ndoana. Nyuzi za besi yake hakuzibadilisha mpaka zikatike, na aliweka kipande cha sponji chini ya nyuzi hizo ili sauti isivume ovyo. Tafuteni "Bernadette" ya kundi la Four Tops, ya mwaka 1967. Besi inapanda, inashuka, inachokoza, inarudi nyumbani. Nota ni nyingi ajabu, na bado kiti hakikaliki. Kwa hiyo wingi wa nota hauna kosa.

Kosa liko wapi basi? Simameni, nyote, na wewe wa nyuma. Hesabuni moja, mbili, tatu, nne, mkipiga makofi kwenye mbili na kwenye nne. Vizuri. Sasa cheleweni, lakini kidogo sana, kiasi kwamba mtu akisema umechelewa utambishia. Mnaona mabega yanavyolegea? Hakuna nota iliyoongezwa wala kupunguzwa. Pigo limesogea tu. Ni kama kuruka kamba: anayejua haangalii miguu yake, anaangalia kamba inavyoshuka kutoka mikononi mwa wenzake.

Mwaka 1965 jambo hili lilitokea kweli, mjini Memphis, katika studio ya Stax iliyokuwa ndani ya jumba la zamani la sinema. Mwimbaji Wilson Pickett alikuwa akirekodi "In the Midnight Hour". Mtayarishaji Jerry Wexler, mzungu kutoka New York, hakuridhika na mdundo. Hakuwaandikia nota. Alitoka kwenye chumba cha mitambo akaanza kuwachezea dansi iliyokuwa ikipendwa na vijana wakati huo. Hebu pateni picha, mtu mzima, bosi, anajirusha mbele ya wanamuziki wa kulipwa! Mpiga gitaa Steve Cropper na mpiga dramu Al Jackson Jr. wakamtazama kiunoni, wakaelewa, wakalisogeza pigo la pili na la nne nyuma kidogo. Lisikilizeni, limo humo mpaka leo.

Mtu atasema, si unaona, dansi imewashinda mafundi. Mimi naona kinyume chake. Jaribuni kuchelewa kwa kipimo kilekile, pigo baada ya pigo, wimbo mzima, bila kuyumba. Baada ya nusu dakika mkono utarudi pale ulipozoea. Bila ufundi, kile kiuno cha Wexler kingebaki kichekesho cha siku hiyo. Walichokuwa nacho wale wawili juu ya ufundi ni kukubali kufundishwa na mcheza dansi asiye mwanamuziki.

Wengine hudai soul ni ya damu: Mweusi anazaliwa nayo, wengine wapishe njia. Muziki huu ni mali ya Wamarekani weusi, ulitoka makanisani mwao, na hilo halina mjadala. Lakini Jackson alikuwa mweusi na Cropper mzungu, na mwaka 1967 mwimbaji Aretha Franklin alipokwenda Muscle Shoals, Alabama, mpiga kinanda aliyeupata mdundo wa kumfungulia wimbo alikuwa mzungu wa kusini, Spooner Oldham. Watu hawa walikulia mahali ambapo muziki ule ulijaa hewani. Waliusikia kabla ya kujua kuwa ni somo.

Ndiyo maana anayemnakili Jamerson nota kwa nota, peke yake chumbani, mara nyingi hupata mifupa tu. Karatasi haimwambii nota ikatwe lini, wala haimpi mtu kama Benny Benjamin, aliyekuwa akipiga dramu kando ya Jamerson.

Na msidhani shule inaua. Booker T. Jones wa Stax alikuwa na miaka 17 tu alipopiga kinanda katika "Green Onions", mwaka 1962. Wimbo ukavuma nchi nzima. Yeye akafunga mizigo akaenda Chuo Kikuu cha Indiana kusomea muziki, huku akirudi Memphis kurekodi. Alisoma, akahitimu, na aliporudi kwenye kinanda chake aliendelea kupiga vifungu vifupi ambavyo mtoto angeweza kuvijaribu.

Mtoto angeweza kuvijaribu, nimesema. Sikusema angeviweza. Tuanze na huo wimbo, kisha "Bernadette", na kila mmoja apige makofi yake. Nani simu yake ina chaji?