Ngazi Njema Hupimwa kwa Mtu Ashukaye

Wahenga walisema, "Mpanda ngazi hushuka." Walikuwa wakiwaonya wenye majivuno, lakini hata mjenzi wa nyumba yampasa aiweke methali hiyo moyoni. Watu walio wengi waangukao ngazini huanguka wakishuka, wala si wakipanda. Na chanzo kimoja kikubwa ni kidato kisicholingana na vidato vingine.

Askari anayejiandaa kustaafu, akipata kiwanja cha futi 50 kwa 100 kama viuzwavyo hapa Uganda, mara nyingi huona afadhali nyumba ipande juu kuliko kutanuka. Hapo ndipo ngazi huingia nyumbani. Itapandwa na watoto wakimbiao, na mama aliyebeba beseni la nguo asiyeweza kuona miguu yake, na babu usiku wa manane umeme ukiwa umekatika.

Kila aliyepita katika uwanja wa kwata anajua jinsi hatua moja iliyo fupi inavyovuruga kikosi kizima. Ngazi nayo ina kwata yake. Mguu wa mtu hujifunza kimo cha vidato viwili vya kwanza, kisha macho huacha kutazama. Kidato cha tatu kikizidi au kupungua sentimita chache tu, mguu hukosa mahali ulipopatumaini.

KUPATA KIPIMO

Twaa futi kamba, upime wima kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu. Tuseme umepata sentimita 288. Gawanya kwa 16, utapata vidato 16 vyenye kimo cha sentimita 18 kila kimoja. Kimo kisizidi hapo. Wazee na watoto hupendelea 17 au 16.

Upana wa mahali pa kukanyaga hupatikana kwa kanuni iliyoandikwa na François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17: vimo viwili ukijumlisha na upana mmoja, jumla ilingane na hatua ya mtu. Kwa vipimo vya leo jumla hiyo huwa baina ya sentimita 60 na 64. Kwa mfano wetu, 18 mara mbili ni 36. Ukiongeza upana wa 27 utapata 63. Hiyo ni ngazi njema.

Kwa kuwa sakafu ya juu yenyewe ndiyo kidato cha mwisho, zitahitajika nafasi 15 za kukanyagia, yaani sentimita 405 kwa urefu. Ikiwa chumba hakina nafasi hiyo, igawe ngazi mara mbili, vidato 8 na 8, uweke kituo katikati. Urefu wa kituo usipungue upana wa ngazi. Tena hakikisha kwamba juu ya kila kidato pana mita 2 zilizo wazi, mtu asije akagonga kichwa.

MTEGO WA VIGAE

Kosa lionekanalo sana huzaliwa baada ya zege kukauka. Fundi amepima sawasawa, kila kidato sentimita 18. Kisha sakafu za chini na juu zinaongezwa saruji laini na vigae, jumla sentimita 5, ilhali vidato vinaongezwa 2 tu. Matokeo yake kidato cha kwanza kinabaki na sentimita 15, na cha mwisho kinafikia 21. Anayeanza kushuka hukutana kwanza na kile cha 21.

Dawa yake ni kuamua mapema sakafu itamaliziwa kwa kitu gani. Katika mfano huu, zege la kidato cha kwanza limwagwe kwa kimo cha 21, na la mwisho kwa 15. Asiyeelewa atadhani umekosea. Vigae vikishawekwa, vyote vitakuwa 18.

NONDO NA ZEGE

Unene wa bamba la ngazi na idadi ya nondo ni kazi ya mhandisi, wala usikisie. Mwenye nyumba aweza kuangalia mambo manne.

Kwanza, umbo la vidato vyote lichorwe ukutani kabla ya kupigilia kalibu, likaguliwe kwa pima maji.

Pili, nondo kuu zikae upande wa chini wa bamba, zikiinuliwa kidogo juu ya mbao ili zege lizifunike. Pale ngazi inapokutana na kituo, nondo zisipindwe kuifuata kona ya ndani, maana zikivutwa hutaka kujinyoosha na kubandua zege. Zipitilize, zikatane, kila moja iingie upande wa pili.

Tatu, zege lianze kumwagwa chini likielekea juu, katika siku moja.

Nne, limwagiliwe maji kwa siku 7 au zaidi. Miega ya chini isiondolewe kabla ya siku aliyoiagiza mhandisi, kwa kuwa nguvu kamili ya zege huhesabiwa siku ya 28.

KISHIKIZO NA TAA

Kishikizo cha mkono kiwe na kimo cha sentimita 90 hivi kutoka ukingo wa kidato, nacho kifike hadi kidato cha mwisho bila kukatika. Nafasi kati ya fito zisifikie sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipenye. Taa iwe na swichi mbili, moja chini na moja juu.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, panda na futi kamba mkononi, upime vidato vyote kimoja kimoja. Tofauti ikizidi milimita 5, na arekebishe angali yupo kazini. Kisha shuka polepole ukiwa umebeba beseni kifuani.